Picha Niliyoifukua Ufukweni Gisenyi

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua linawaka, na tumboni nilikuwa na chai tu, aliyonipikia mama yangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Gisenyi, na matokeo yake naishi nayo nyumba moja.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mji mzima uko kwenye majembe, mimi nimekwepa, maana nilitaka ufuo wa ziwa uwe mtupu. Kuna mchezo nilifundishwa na wageni wa hoteli ninakofanya kazi. Unaficha kikopo chenye kijidaftari, unaweka alama ya mahali kwenye mtandao, watu wanakitafuta kwa simu zao. Anayekipata anaandika jina lake. Basi! Watu wazima na akili zao, na mimi nikaupenda kuliko wao.

Nikachimba chini ya jiwe karibu na maji nifiche changu. Aisee, si nikakuta mkebe wa maziwa ya unga, umeliwa na kutu! Ndani, kwenye mfuko wa nailoni, kulikuwa na picha ya mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, amevaa sweta. Nikaitia mfuko wa shati. Nikaona itafaa kuwa zawadi ya atakayekipata kikopo changu.

Kuinua macho, mwanamke amesimama mbele yangu. Hata salamu hakutoa.

"Kaka, we uliona mukebe yangu? Niliichimbia hapa wakati wa vita, tukikimbilia Goma. Iko foto ya mutoto yangu ndani. Alinipotea pale kwa barrière ya mupaka, watu walikuwa mingi. Nilishasahau sura yake."

Mtu mwenye utu angefanya nini? Mimi nilicheka. Alikuwa mzuri, ufuo mtupu, nikataka kumchezea kidogo.

"Tafuta, dada. Ukikaribia nitakwambia."

Akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Hapa? Bado. Hapa? Bado dada, ongeza bidii! Nilicheka mpaka machozi. Kucha zilianza kumng'oka, niliziona, naapa, na sikuacha. Picha iko kifuani kwangu, ni kunyoosha mkono tu! Hilo linaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Na hesabu ya darasa la pili sikuipiga. Yule hakuwa amefika miaka thelathini, na vita vile vina miaka thelathini na kitu. Mtoto alimzaa lini?

Mwishowe akasimama, akautazama mfuko wa shati langu. Nadhani alijua tangu mwanzo.

"We uko na mama?"

"Ndiyo, ninaye."

"Bon. Na yeye atafute."

Nikaichomoa picha haraka. "Chukua dada, nilikuwa natania!" Nilikuwa naongea na maji. Mchanga aliouchimbua wote ulikuwa umelala sawasawa, hakuna hata unyayo.

Nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Akanitabasamia vizuri tu, kwa adabu.

"Karibu, bwana. Unamtafuta nani?"

Huyo ndiye aliyenizaa Karagwe, akanilea peke yake, tukarudi Rwanda nimeshika kanga yake. Daktari anasema akili yake ni nzima. Majirani anawajua, nyimbo za kanisani anazijua, hata jina la mbuzi tuliyemwacha Karagwe analikumbuka. Asiyemjua ni mimi tu. Nililia mbele yake, akanipa pole na kikombe cha maji.

Narudi ufukweni kila umuganda, naita, naomba msamaha kwa sauti. Hatokei. Na akitokea nitampa nini? Siku moja niliisahau ile picha mezani, mama akaiokota, akapiga vigelegele. "Mwanangu huyu hapa!" Sasa analala nayo chini ya mto. Niliigusa siku moja tu, akaniita mwizi, majirani wakaja.

Kwa hiyo wewe unayependa kufukuafukua, nisikilize. Ukikuta kitu cha mtu na mwenyewe akaja, mpe. Mpe hapohapo, usimpe nafasi ya kuuliza mara ya pili. Mimi nililiona jambo dogo, na sasa kila jioni mama ananionyesha picha ile, ananishika mkono.

"Bwana, wewe unatembea sana mjini. Ukimwona huyu, mwambie mama yake hajachoka kumtafuta."

Namjibu, "Sawa, mama." Ananikataza kumwita hivyo.