Mistari Mitatu Kabla ya Dani

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu wa boma letu aliyethubutu kutia mbegu ardhini kabla ya Dani. Dani ni bibi yangu, mama yake baba. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu sisi Wajaluo, na boma letu liko Kisian, mahali ambapo ukiinua mgongo shambani unaliona ziwa chini yako. Babu alikwisha kufariki, kwa hiyo mwenye boma alikuwa yeye. Siku ya kupanda aliingia shambani peke yake, akachimba mashimo machache, akadondosha mahindi na kufukia kwa mguu. Kesho yake ndipo mama alipofuata, kisha mke wa baba mdogo. Aliyempita mkubwa wake kwa jembe alipatwa na chira, ugonjwa wa kukonda unaomla mtu polepole mpaka aishe, na daktari asione kitu.

Hayo niliyajua vizuri. Shida ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa wa kwanza darasani, na kwa sababu hiyo nilidhani nimeyajua na mengine yote.

Mwaka huo mvua za masika zilimkuta Dani kitandani. Kifua kilimbana, miguu ikavimba, hata kwenda uani akawa anashikwa mkono. Mvua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mashamba ya majirani yakachipua, letu likabaki tupu. Kila asubuhi mama alipiga magoti mlangoni pake na kumuuliza hali, na kila asubuhi Dani alijibu, "Kesho nitaamka." Leo najua wazee wetu wana njia zao za kulizunguka jambo kama hilo. Lakini nani angeanza kulitaja? Kulitaja kulikuwa ni kusema kwamba hataamka tena.

Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine. Mwaka uliotangulia mahindi yalituishia mapema, nikamwona mama akitupakulia ugali, kisha akisema ameshiba kabla hajatia tonge mdomoni. Sikutaka kuliona jambo hilo tena. Kwa hiyo niliamua kumfundisha Dani kilimo.

"Dani, mwalimu amesema ukichelewa kupanda, mvua inakuacha."

"Huyo mwalimu wako ako na mama?"

"Sijui."

"Muulize kama yeye hupanda kabla ya mama yake."

"Lakini mvua haingoji mtu, Dani."

"Mvua ni ya Nyasaye, Mungu wetu. Shamba liko na wenyewe."

"Sasa tutakula nini? Tutakula chira?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipotulia, hakucheka tena. "Nyakwara," akasema, na hilo ndilo jina la mjukuu kwetu, "mtu mkubwa akipitwa na jembe, ni kama mmemzika tayari. Mimi bado niko."

Nilisikia sauti tu, maneno sikuyasikia. Nilitoka mle nikiwa na hakika kwamba nimemshinda kwa hoja.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda sokoni. Nilichota kikombe cha mbegu, nikashuka mpaka mwisho wa shamba, karibu na ua wa minyaa, nikapanda mistari mitatu. Nilivuta kamba ili inyooke, kama tulivyofunzwa shuleni. Niliona kwamba mahindi yakishaota, kosa litakuwa limekwisha kutendeka, na watu wazima watapanda tu, tutakula. Hesabu za mtoto ni rahisi.

Baba mdogo ndiye aliyeyaona yalipochipua. Alipiga kelele, sote tukakusanyika mbele ya nyumba ya Dani, manyunyu yakitudondokea. Alisema ataita wazee, na aliyefanya hivyo atanyweshwa manyasi, dawa ya miti shamba ya kumsafisha mtu, kama bado haijachelewa. Mama aliniangalia. Mimi niliangalia miguu yangu.

"Nani amepanda?" akauliza baba mdogo.

"Ni mimi." Sauti ilitoka ndani, kwa Dani. "Nilimtuma huyu mtoto. Mbegu ni zangu."

"Mama, lini? Si hata kusimama umeshindwa?"

"Leo wewe ndiye utanifunza shamba langu? Leteni jembe."

Akatoka. Mama alitaka kumshika, akakataa. Alinishika mimi begani, akaniegemea kwa uzito wake wote, nasi tukashuka hatua kwa hatua. Mwisho wa mstari wa tatu alipiga magoti kwenye matope. Alichimba, akadondosha mbegu, akafukia kwa kiganja kwa sababu mguu haukuweza tena. Alifanya hivyo mara nyingi, zaidi ya inavyohitajika, mpaka leso yake ikalowa ikamganda mwilini. Baba mdogo alivua kofia. Kesho yake mama alipanda, akiimba.

Jioni ya siku ile ya matope nilimpelekea Dani uji. Alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili.

"Dani, mbona umedanganya?"

"Chira ingekufuata wewe." Aliuweka uji kando. "Wewe mwili wa kukonda utatoa wapi? Mimi nimekonda tayari. Wacha inifuate mimi."

Alifariki kabla mahindi hayajafika magotini. Hospitali walisema ni nimonia. Waombolezaji walisifu jinsi alivyoinuka kufungua shamba lake kabla ya kuondoka, na mimi nikawapitishia maji ya kunawa. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Mama alikula akashiba. Mimi mahindi mabichi niliyasukuma kando, wakadhani nina homa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa shuleni. Guu langu ni zima mpaka leo.

Sasa mimi ni muuguzi hapa Kisumu. Nimewahudumia wazee wengi wenye kifua kile na miguu ile, na najua ule ulikuwa moyo uliochoka, na kwamba mtu wa hali ile hapaswi kupiga magoti kwenye mvua. Sihitaji chira kueleza kifo chake. Majuzi tulikuwa tunabishana na binti yangu, ana miaka kumi na mitatu na ulimi kama wangu, nikajikuta namsimulia habari hii, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote.

"Kwani chira iko, Mum?"

"Haiko."

"Sasa alikufa bure?"

Kwangu mimi haiko, lakini kwa Dani ilikuwepo, alijua jinsi inavyomla mtu, na alitoka nje kuipokea ili isinifikie. Sijui mtu mwingine aliyenipenda namna hiyo, na sikumwambia hata asante, kwa kuwa wakati ule nilifikiri tunazungumza kuhusu kilimo.

Na katika kilimo nilikuwa sahihi. Mwalimu alisema kweli, mvua iliondoka mapema, na wote waliochelewa kuliko sisi walivuna mabua. Ningefurahi mno kama ningekuwa nimekosea: mistari yangu ikauke yote, tulale njaa, naye abaki kitandani akinicheka.