Mitaro Mitatu Nyuma ya Nyumba

Mama yangu ana ugomvi wa kudumu na majani. Kila alfajiri hufagia lopango letu, yaani kiwanja chote cha nyumba, hadi udongo ung'ae. Jani moja likibaki, anasema, nyoka atalala chini yake na majirani watauliza kama nyumba hii ina mwanamke. Mtaa wetu mzima hapa Kisangani hufanya hivyo. Kwa miaka mingi niliona ni usafi tu, kumbe tulikuwa tunaugeuza udongo kuwa mgumu kama sahani. Mvua ikinyesha haipati pa kuingia. Inateremka yote kuelekea mto Tshopo, na ardhi yetu inaondoka nayo.

Nyuma ya nyumba korongo lililochimbwa na mvua lilikuwa linapanda kuelekea kwetu. Msimu mmoja lilimeza choo cha jirani, msimu uliofuata mpapai wetu. Zilibaki kama hatua ishirini lifike kwenye ukuta wa chumba anacholala mama. Wahenga walituonya tuzibe ufa. Hawakusema cha kufanya na ufa unaotembea.

Papa mmoja, mzee anayelima upande wa Masako, ndiye aliyenifundisha kuzuia maji. Alifunga fito tatu kama herufi A, akaning'iniza uzi wenye jiwe. Jiwe likitulia katikati, tulijua miguu miwili ya hiyo A iko usawa mmoja, na hapo ndipo pa kuchimba.

"Usifwate muteremuko, uukate," aliniambia. "Mayi inakimbia. Wewe fanya ipumuzike."

Kati ya nyumba na korongo nilichimba mitaro mitatu ya kukinga mteremko, urefu wa mtu, kina cha magoti. Udongo niliuweka upande wa chini, na juu yake nikapanda sinda, ule mchaichai tunaochemsha asubuhi. Mvua ya kwanza iliijaza mitaro yote. Kufikia mchana maji yote yalikuwa yamezama, nami nikacheka peke yangu kama mjinga.

Furaha haikukaa. Kwetu shimo lenye urefu wa mtu haliachwi wazi. Likichimbwa ni kaburi, na mwenyewe huletwa siku hiyohiyo. Tonton, kaka wa marehemu baba, alikuja akasimama juu ya mitaro, akakataa kiti.

"Tatu?" akauliza. "Iko nangojea banani, batu gani?"

"Inangojea mayi, tonton."

"Mayi haiombake shimo. Mutu njo anaombaka."

Nilimcheka mbele ya watu. Mimi ni mwalimu, na mdomo ninao.

Wiki hiyohiyo mama akaanza kukohoa. Hakuna aliyenishurutisha. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza, nikajikuta nahesabu: mitaro mitatu, na nyumbani tuko watatu, mama, mke wangu na mimi. Nilichukua jembe. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimefukia yote, na sinda nimeing'oa nikaitupa. Naona aibu hata kuyaandika haya. Mama alipona kwa ndimu na asali, kama ambavyo angepona mitaro ikiwa wazi.

Kisha ikaja mvua kubwa. Maji yaliukuta udongo niliofukia ukiwa bado laini, yakauchukua kwanza huo, halafu yakachukua jiko letu la nje na kila kilichokuwa kati yake na nyumba. Hakukuwa na kishindo. Tulisikia tu udongo ukidondoka kidogo kidogo, mchana kutwa.

Jana tonton alirudi. Alitazama, akaomba kiti, akakaa. Mama ndiye aliyenitia jembe mkononi.

"Chimba tena ile mashimo yako, mutoto yangu," alisema. "Hata kama shimo moya iko yangu."

Nilizunguka nyuma ya nyumba kupima. Kati ya ukuta wa chumba chake na korongo, jembe lenyewe halikuwa na mahali pa kuinuliwa. Upande wa Bengamisa mawingu yalikuwa yameshajaa. Niliingia ndani, nikaanza kufungua kitanda chake ubao kwa ubao, nikitoe chumbani.