Nilivyotumwa Bariadi Kumtazama Maksai wa Jilala

Nilikwenda Bariadi kwa sababu ya ng'ombe ambaye si wangu. Alikuwa maksai wa Mzee Jilala, jina lake Dereva, na alipotea katikati ya msimu wa kulima. Baada ya wiki mbili kikaokotwa kipande cha kitu kama ngozi, chenye manyoya ya kahawia, kwenye jalala la jirani yangu Maduhu. Kilikuwa kimenyeshewa na kuungua pembeni. Jilala alikigeuzageuza, akasema hilo ni paji la uso la Dereva. Kabula, mke wa Maduhu, alisema kimetoka kwenye nguo. Watu wakacheka, wakamwambia ailete hiyo nguo inayoota manyoya, naye akanyamaza. Mimi sikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimemzika mke wangu Nkwimba mwezi uliotangulia na nilikuwa siendi mikutanoni.

Uamuzi ulikuwa kwamba Maduhu atatengwa. Aliyetengwa kwetu hachoti maji kisimani, hapewi moto, hasalimiwi hata na watoto. Akapewa hadi Jumapili ya pili, ili kama maksai yuko hai aonekane.

Hapo ndipo ilipokuja barua. Watu wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam wangefika Bariadi kuwaonyesha vijana sayansi, wakiwa na hadubini. Kila kijiji kipeleke kijana mmoja na kitu anachotaka kukichunguza. Mwenyekiti wetu alituambia hilo neno limekosewa na mpiga taipu, wamekusudia darubini, chombo cha kuona mbali. Mkutano ukafurahi. Dereva atatazamwa popote alipo. Kile kipande kiende pia, alisema Mwenyekiti, mashine ionyeshwe kwanza manyoya yake, isije ikatuletea ng'ombe wa Meatu.

Nilichaguliwa mimi, mwenye darasa la saba na miaka arobaini na sita. Walisema kijana atarudi na hadithi, lakini Masanja hawezi kusema uongo hata ukiwa na faida kwake. Mtu mmoja akaongeza kwamba sina hata mke wa kuniuliza ninakwenda wapi, halafu akajishika mdomo.

Alhamisi alfajiri niliondoka upande wetu wa Ipililo kwa miguu. Saa nne nilikuwa Nyalikungu, nikapata lori la mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa pamba walioanza kuja miaka ile. Dereva wa lori aliniuliza nimebeba nini kwenye mfuko. Nilimwambia ni kipande cha ng'ombe, nakipeleka kwa mashine itafute sehemu iliyobaki. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimwangalizie na tairi lake la akiba lililodondoka njia ya Shinyanga. Mama mmoja aliyekaa juu ya marobota akaomba nimtazamie mumewe aliyekwenda kwenye dhahabu huko Geita. Si lazima arudi, alisema, yeye anataka tu kujua kama amenenepa. Niliyaandika yote nyuma ya barua nisije nikasahau.

Saa tisa alasiri niliingia Bariadi. Katika ukumbi wa shule karani alikuwa anaandikisha vijana, mwisho miaka ishirini na mitano. Aliponiuliza umri nikamwambia. Akasema niseme ishirini na mitano tu nikale, chakula kinapoa. Nilimwambia siwezi, ishirini na mitano ni umri niliooa nao, na mke mwenyewe nimemzika. Alinitazama, akaandika: kijana, 46. Kisha akanipa fulana iliyoandikwa KESHO NI YETU, na mgongoni tangazo la soda. Ilikuwa ya mtoto wa darasa la sita. Niliivaa kwa sababu ilisemwa kila mshiriki aivae, na kitovu kikabaki nje.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulipangwa kwenye meza. Meza yetu ilikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa Kichaga aliyeitwa Neema. Alinipa shikamoo bila kucheka fulana. Nilimkabidhi kile kipande na orodha yangu, nikamwambia tuanze na ng'ombe, yule mume anaweza kusubiri. Aliisoma orodha yote.

"Baba, hii si darubini. Ni hadubini."

"Si ndiyo hiyo hiyo, ila mpiga taipu?"

"Darubini inaona vitu vya mbali. Hii inaona vitu vidogo."

"Maksai si mdogo, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Najua."

Vijana nyuma yangu walicheka. Nilitaka kuondoka, lakini nilitumwa kutazama, kwa hiyo niliomba nitazame hata hicho kidogo. Neema alinyofoa unywele mmoja wa kwenye kipande, akanyofoa na mmoja wa kichwani kwangu, akaziweka sambamba chini ya kioo. Wangu ulikuwa na magamba kama samaki wa Lamadi. Sikujua kwamba nina magamba. Ule mwingine ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho, kama mrija wa kioo. Kisha akawasha kiberiti na kuuchoma huo laini. Ukajikunja, ukawa tone jeusi, ukanuka kama ndoo ya plastiki iliyoangukia motoni.

"Haya hayakuota juu ya mnyama yeyote," alisema. "Yametoka kiwandani. Nadhani hii ni kola ya koti la nchi za baridi."

Nilikaa chini. Nkwimba alikuwa na koti la mtumba, la bluu, zito. Mwezi wake wa mwisho alikuwa akitetemeka mchana wakati sisi tunatokwa jasho, na siku moja nilirudi kutoka shambani nikamkuta amelivaa. Sikuuliza limetoka wapi. Halikuwa na kola. Shingoni lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya haraka. Bado lilikuwa nyumbani, kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mwisho wa shughuli mhadhiri alipita akimuuliza kila kijana angependa kuwa nani akikua. Wengi walisema daktari. Mimi nilisema ningependa kuwahi lori. Walipiga makofi, wakanipa cheti cha Mwanasayansi Kijana.

Jumamosi nilirudi na lori lile lile. Dereva wake aliniuliza kuhusu tairi. Nilimwambia halikuonekana kwa sababu si dogo vya kutosha. Aliukubali ujumbe huo. Yule mama hakuwepo, na mpaka leo nina deni la jibu lake.

Jumapili mchana mkutano ulijaa. Nilikwenda nimevaa fulana ile ile, maana ndiyo niliyokuwa nayo safi. Mwenyekiti aliniuliza Dereva yuko wapi. Nilisema sikumwona. Jilala alisimama mara moja, na Maduhu akaanza kukunja jamvi lake kama mtu anayejua njia. Niliomba wanisubiri. Nilikwenda nyumbani, nikalitungua lile koti, nikarudi nalo. Ilikuwa mara ya kwanza kuligusa tangu mazishi. Niliweka kipande shingoni, na matundu ya sindano yakakutana na matundu ya sindano.

Nilimuuliza Kabula kwa nini hakusema kwamba koti alimpa Nkwimba.

"Nguo ya marehemu haidaiwi, shemeji," alisema. "Ningesema iko kwako, wangekuja kupekua kwako, nawe bado unalia."

Halafu Mwenyekiti alimgeukia Maduhu, akamwamkia, "Mwadila," nasi wote tukamsalimia mmoja mmoja. Kabula aliomba akirudishe kipande mahali pake. Nikampa vyote viwili.

Jilala alinifuata njiani. Alitaka kujua kama ile ya kuona mbali kweli ipo. Nilimwambia ipo, ila hawakuja nayo.

"Basi mwakani uende tena."

"Mzee, nimepita umri."

"Umepita mwaka huu pia," alisema.

Dereva hajaonekana. Nilijifunza tofauti ya darubini na hadubini, na kwamba nina magamba. Lakini nilitumwa kusema nilichokiona, kwa hiyo niseme na hili. Kila asubuhi tangu mazishi nilikuwa nafungua mlango wangu huku uso nimeugeuzia ukutani, nisilione lile koti. Ilibaki kidogo jirani yangu anyimwe maji kwa ajili hiyo.