Picha ya Radi Dukani Kabanga

Rafiki yangu ni fundi cherehani pale Kabanga, karibu na yanaposimama mabasi ya mpakani. Chumba kinachofuata ni changu, napiga picha za pasipoti na za harusi. Masika moja radi ilimuua kaka yake akipalilia maharage huko Kirushya. Matanga hayajaisha, watu wakaanza kunong'ona kwamba radi ile ilitumwa, na aliyeituma ni mama yake mzazi. Mama akaacha kwenda kanisani, kisha akaacha hata kwenda sokoni.

Jioni moja, mvua ikiwa bado mbali juu ya milima ya Burundi, rafiki yangu aliingia kwangu na futi yake shingoni.

"Nataka tuipige picha," alisema.

Nikamuuliza nini.

"Radi. Wanaisema kana kwamba ina mtu ndani. Nataka nione."

Nilikataa, nikamwambia nina watoto. Akasema haniombi tupande mlimani. Tungekaa ndani dukani kwake na kuacha mlango wazi, na ngurumo zikisogea tungefunga. Basi nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, katikati ya sketi za shule, nikaielekeza ng'ambo, kwenye ile milima.

Mama mmoja auzaye vitenge jirani alituona, akasema tunaiita ije. Rafiki yangu aliusukuma mlango ukafunguka wote.

Radi haikusubiri. Ukibonyeza baada ya kuiona, umechelewa, kwa hiyo niliiacha kamera ikitazama kwa sekunde kadhaa, kisha tena, na tena. Nilipata giza tupu. Kila ngurumo rafiki yangu alishtuka, akashika meza ya cherehani, lakini hakurudi nyuma. Mwishowe ikaingia: mstari mweupe uliopasuka matawi, na vilima chini yake vimeonekana hadi migomba.

Rafiki yangu aliikuza picha kwenye kioo cha kamera, akaitazama pande zote.

"Ni moto tu," alisema. "Hamna mtu humu." Ndipo akalia.

Tukaichapisha kubwa, akaitundika mkabala na mlango. Wateja wengine wakahama. Yule wa vitenge akaja kumsihi aitoe, eti inatisha watu.

"Mama yangu hakutuma kitu," alimjibu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Picha inabaki."

Wiki iliyofuata alimleta mama yake kwa bodaboda. Mama aliiangalia ile picha kwa muda mrefu, akauliza ni kilima gani kile, tukamwonyesha. Kisha akavuta kiti hadi mlangoni, akaomba sindano, akaanza kushona vifungo.

Siku za gulio yuko palepale. Wapo wanaomwamkia shikamoo, naye huitikia. Wapo wanaovuka barabara wakimwona. Siku moja nilimuuliza kama angependa kukaa ndani kidogo, kwenye kivuli. Akasema hapo alipo panamtosha.