Tulipoambiwa Turuke Ukuta

Siku ya fainali ile naikumbuka, mwanangu, kama ilikuwa jana. Mie nilikuwa winga wa kulia wa timu ya kiwanda chetu cha nguo, hapa Temeke, miaka ile ya Ujamaa, na sijisifu, mbio nilikuwa nazo. Mabeki wa Kinondoni waliishia kuniona mgongo tu. Nilikuwa nimeshaitwa kambini, timu ya taifa. Mama yangu alitangaza mtaa mzima, hata kwa watu asiowajua.

Tulipofika uwanjani, Mzee Athumani, mwenyekiti wa kamati yetu, akatuzuia. "Getini hapapitiki. Mganga kasema wenzetu wamezika kitu pale. Rukeni ukuta."

Ndivyo mambo yalivyokuwa, na nasikia hata leo wapo wanaoruka. Nikautazama ule ukuta: mrefu, na upande wa pili mawe matupu. Roho ikasita. Lakini mkubwa akishasema, wewe nani uulize? Nikaruka. Goti likageuka, nikabaki chini napiga kelele.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mie la mkuu nililisikia, na guu nikavunjika vilevile!

Timu ya taifa ikaondoka bila mimi. Mzee Athumani akaja kunijulia hali, kabeba sukari, machozi yanamtoka. Nikamgeuzia mgongo, shikamoo sikumpa. Nililia sana siku zile, nisikufiche. Kukaa pembeni unatazama wenzako wanacheza, we acha tu.

Aliyenikemea ni kocha wetu, Mzee Mapunda, mtu wa Songea, mpole wa sura, mkali wa maneno.

"Umemnyima mzee salamu. Haya, goti limepona?"

Nikatikisa kichwa.

"Yule anakupenda, ila kakosea. Yaliyopita si ndwele. Kesho njoo na mkongojo wako uwanjani. Kuna vijana wa mtaani pale wanakimbiakimbia tu, hawana wa kuwaelekeza. Wape hizo mbio zako."

Nikaenda nikiwa nimenuna. Ukocha wangu ulianzia hapo.

Miaka ikapita, nikapewa ukocha wa timu ile ile ya kiwanda. Siku ya nusu fainali, nipo na vijana wangu, Mzee Athumani huyo tena, mvi kichwa kizima. "Kocha, getini pana mambo. Waruke." Nikageuka, vijana wameshaanza kuusogelea ukuta. Nilijua kocha akiibishia kamati halafu akafungwa, kazi hana.

"Shikamoo, mzee wangu," nikamwambia. "Kama kipo kitu, na kinianze mimi." Nikatangulia getini nachechemea, vijana nyuma yangu.

Tulifungwa. Tena tulifungwa vibaya! Wiki haikuisha, kamati ikaniondoa. Lakini jioni ile vijana wangu wote walirudi Temeke kwa miguu yao, hakuna aliyebebwa.

Basi, mwanangu, sisi wazee utuamkie, utusikilize. Ila tukikutuma penye kuvunjika, uliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza, kwa sababu anayekupenda naye hukosea, na atakayechechemea ni wewe. Akishakosea, usimnyime salamu. Na siku ukipewa watu wa kuongoza, tangulia wewe.

Mungu akupe mbio ndefu, na zikikuishia, akupe wa kuwafundisha.