Mgongo wa Kuku wa Memsabu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya mifugo hapa Nakuru, nikingoja kibali cha kusafirisha mbuzi. Mbele yangu mpishi wa mzungu mmoja alikuwa amekumbatia kuku ndani ya taulo. Kuku alikuwa na jina, na daktari wa mifugo, mzungu naye, aliliandika. La mpishi hakuliuliza.

Mgongo wa kuku ulikuwa mwekundu, hauna unyoya hata mmoja. Daktari akatoa kioo chake cha kukuzia, akatafuta utitiri, akatafuta chawa. Hakuona kitu.

Mama mmoja mwenye kikapu cha mayai akamwuliza mpishi, "Baba, huko kwenu jogoo ni wangapi?"

"Wanne. Memsabu anapenda vile wanawika."

"Na majike?"

"Ni huyu peke yake."

Mama akashika kiuno. "Haki, wanammaliza wakimpanda! Dawa ni sufuria. Pika hao jogoo, huyu atapona."

"Hapana sema, mama!" daktari akamkatiza. "Hii kazi ya daktari." Akaandika marhamu, kuku apakwe asubuhi na jioni.

Mama alicheka mpaka mayai yakagongana. Mimi sikucheka. Nilikumbuka jinsi na sisi tunavyopakwa dawa mgongoni kila siku, na anayetupanda bado anawika.