Jioni Niliyokunywa Malwa kwa Mama Mkwe

Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani. Sisemi hawapatani, wala sisemi wanaheshimiana kwa mbali. Nasema hawaonani. Akija huku, wewe unakwenda kule. Mkikutana njiani kwa ghafla, mmoja anaingia kwenye shamba la kahawa hadi mwenzake apite, na hakuna anayecheka.

Mimi nililelewa Jinja, katika nyumba za askari magereza, ambako makabila ishirini yalichota maji kwenye bomba moja na kila mtu alionana na kila mtu, hata na wale ambao angependa asiwaone. Kwa hiyo mchumba wangu aliponieleza mila hii nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kuna kijana wa kwao aliyempa mkono mama wa mchumba wake sokoni bila kumjua, na wazee wakaahirisha ndoa mpaka msichana akachoka kungoja, akaolewa na dereva wa lori. Hapo nikaacha kucheka. Nilimpenda sana mchumba wangu, na nilikuwa nimeshachelewa: miaka thelathini na miwili, karani wa stoo ya samaki pale Masese, mwenye harufu ambayo wasichana wawili kabla yake walikuwa wameitaja waziwazi kuwa ndiyo sababu ya kuniacha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wazee wangu walikuwa waje Mbale Jumamosi kwa utambulisho, yaani kujitambulisha rasmi kwa wakwe, nami nikatangulia Alhamisi kuwatafutia malazi. Mchumba wangu alinipa sharti moja tu. Nisikanyage mtaa wa Nabuyonga kabla ya Jumamosi, kwa sababu ndiko kwao, na mama yake, mjane na kiongozi wa akina mama kanisani, alikuwa mtu wa kutembea. Alinieleza kwamba mama anashona vitambaa vya meza. Nikaapa kwamba Nabuyonga sitaiona hata kwa mbali.

Mlinzi wa gesti niliyofikia alikuwa sajenti mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye buti zilizong'arishwa kuliko zilivyostahili. Zamu yake ilianza saa tatu usiku. Kabla ya hapo alikuwa na kazi nyingine aliyojibunia mwenyewe: kuwatembeza wageni kwa miguu katika vilabu vya pombe visivyo na kibao, yaani vile vya majikoni, vya nyuma ya maduka na vya uani. Malipo yake yalikuwa kinywaji kila mliposimama. Alipojua kwamba baba yangu alikuwa askari magereza, akaanza kuniita afande na kunihesabu kama mtu wa familia.

"Ya kibao kila mutu naona," aliniambia. "Mimi naonyesha wewe yenye iko ndani."

Nilimweleza habari ya Nabuyonga na ya mama mkwe, ili tusije tukakosea. Alinisikiliza kwa makini, akapiga saluti, akasema huko hatutafika. Nikamwamini. Mpaka leo nikiona mtu anapiga saluti napata wasiwasi.

Nilipaswa kumuuliza alivijuaje vilabu vyote hivyo. Jibu nililipata pale pa kwanza, nyuma ya kibanda cha fundi cherehani. Sajenti alivijua kwa sababu alikuwa amevivamia kwa miaka ishirini. Na kwa kuwa alikuwa amevivamia, alijua njia moja tu ya kuingia, mlango wa nyuma, ule ambao watu hukimbilia, na alijua namna moja tu ya kubisha, mapigo matatu ya fimbo. Alipopiga, ndani kukawa kimya, kisha nikasikia kitu kikimwagwa kwenye beseni. Tulipoingia tukamkuta mwanamke mmoja anafua shati kwa bidii katika waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Wateja walikuwa wameshatokea dirishani. Sajenti aliumia kweli. Alimweleza mama yule kwamba yeye ni mstaafu sasa, kwamba amekuja kama mgeni, kwamba ameleta mteja. Yule mama akaitikia ndiyo afande, ndiyo afande, akaendelea kufua. Tukatoka na koo kavu.

Pale pa pili palikuwa na chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi ambayo watu huketi wakiizunguka na kuivuta kwa mirija mirefu. Najua kilikuwepo kwa sababu nilikiona. Lakini fimbo ilipogonga mara tatu, watu wote wanane waliangusha mirija na kuanza wimbo wa kanisani. Sajenti, ambaye alikuwa mcha Mungu, alivua kofia akangoja wamalize. Wao wakawa wanangoja aondoke. Waliimba beti nne, wakarudi kwenye ule wa kwanza, wakaimba tena zote, na mzee mmoja mwenye sauti nene alianza kuishiwa pumzi. Mwishowe sajenti akasema amina, akavaa kofia, tukatoka. Huko nje nilimwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba pale pa tatu yeye atabaki nyuma. Sura yangu haijulikani na mtu, nitatangulia mimi. Alinuna, lakini alikubali.

Tulipita nyuma ya vyoo, tukakata katikati ya mahindi ya mtu, tukavuka kijito juu ya mawe, tukatokea nyuma ya zizi la mbuzi. Ilikuwa kama saa moja na nusu na giza lilikuwa limeshaingia. Sikujua tena mbele wala nyuma. Nilimuuliza kama tuko karibu na Nabuyonga.

"Hapana," alisema. "Hii ni biti namba nne."

Biti namba nne ndiyo Nabuyonga. Polisi walikuwa wameugawa mji katika biti za doria, kila moja na namba yake, na kwa miaka ishirini mtu huyu hakuwahi kuita sehemu yoyote ya Mbale kwa jina jingine. Nabuyonga kwake ilikuwa ile barabara ya mbele yenye shule, ambayo hakuwahi kupita kwa sababu hakuna mhalifu anayekimbilia barabarani. Hakunidanganya. Nasema hivi kwa haki, ingawa haki hii ilinichukua miaka kuifikia.

Basi nikaingia. Lilikuwa jiko kubwa la uani, lenye kibatari kimoja. Wazee watano walikuwa wamezunguka chungu, wakibishana kwa Lumasaba, lugha ya huko, juu ya mpaka wa shamba. Mwanamke wa makamo, mwenye kitambaa kichwani, alikuwa akiongeza maji ya moto kwenye malwa kutoka kwenye birika. Nilimsalimia kwa Kiswahili, nikasema nimeambiwa hapa watu wanasaidiwa kiu.

"Umetoka wapi?"

Nikasema Jinja, Masese. Alivuta pumzi kwa pua, akasema hilo ameshalisikia kabla sijafungua mdomo. Akanipa kigoda na mrija. Kisha akapaza sauti kidogo kuelekea zizini, akasema yule afande naye aingie, kwa sababu buti zake anazijua. Sajenti akaingia, mpole ghafla, akaketi mwisho kabisa alikoonyeshwa.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Sikuwa nimewahi kukaa na mwanamke wa umri ule nikachekeshwa, na labda ndiyo maana jioni ile ilininoga namna ile. Aliniuliza mtu atajuaje samaki aliyebanikwa mara mbili ili kuficha kuoza. Nikamwambia aminye tumbo, lisipokatika aache. Yeye akanionyesha namna ya kutambua malwa iliyotiwa maji mengi, akanitajia nani mjini anafanya hivyo, na akaigiza mwendo wa mmoja wao, mama mnene anayejidai hanywi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia wanajeshi, aliniambia mwenyewe, maana wao ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Alicheka kwa tumbo zima. Nikajisemea kwamba Jumamosi ikipita nitarudi hapa na mke wangu, nimtambulishe kwa mtu huyu.

Ndipo akaniuliza, huku akiongeza maji chunguni.

"Wewe wa Masese. Jumamosi mimi napata mukwe kutoka huko. Yeye pia nafanya na samaki. Unajua yeye?"

Mrija ulikuwa mdomoni. Malwa ilipita njia ninayoijua ikarudi kwa njia nisiyoijua, yaani puani. Wazee walisimamisha ugomvi wao, wakanipiga mgongoni mmoja baada ya mwingine, wakaurudia. Sajenti alikuwa akikagua dari.

Nilitaka kukimbia. Lakini nikikimbia atajua, na nikibaki nazidi kukosea kwa kila dakika, na katikati ya hayo mawili nilimwona mchumba wangu akiolewa na dereva wa lori.

"Namjua kidogo," nikasema.

"Yeye nakunywa pombe?"

Niliutazama mrija. "Anaonja."

"Ni mutu mzuri?"

Wanaume wachache wamepata nafasi kama ile, ya kutoa ushahidi juu yao wenyewe mbele ya mama mkwe, na nilikuwa na mambo mengi mazuri ya kusema. Yalinitoka yote kichwani.

"Ni mwoga," nikasema. "Lakini anampenda binti yako sana."

Aliliweka birika chini. Alinitazama usoni, kisha kalamu mbili za karani mfukoni mwa shati, kisha vidole vyangu ambavyo sabuni ilikuwa imeshindwa kuvitoa harufu. Akauvuta mtandio uliokuwa mabegani mwake, akajifunika kichwa na uso, akanigeuzia mgongo na kuchutama mbele ya moto. Nikajua yameisha. Nilianza kusimama.

"Ukirudi Masese," alisema akiuambia moto, "ambia huyo mutu neno moja. Huyo mutoto wakati alikuwa na miaka sita, polisi walikuja hapa. Mimi nilikuwa na chupa chini ya mukeka. Nikalaza yeye juu, nikasema anaumwa. Alilala pale macho wazi, hakulia. Hiyo pombe ndiyo nilisomesha yeye. Lakini tangu siku ile anajua kuficha, na ni mimi nilifundisha. Ambia huyo mukwe asipatie yeye kitu cha kuficha tena."

"Nitamwambia," nikasema.

"Sasa kwenda. Usiangalie nyuma."

Sikuangalia nyuma. Tulipovuka kijito nilimgeukia sajenti nikamwambia yote niliyokuwa nayo rohoni kuhusu biti namba nne. Alinijibu kwa utulivu kwamba ramani haikutengenezwa na yeye. Tukatembea. Karibu na gesti akasimama, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Hiyo siku ya mukeka, mimi ndiyo nilikuja," alisema. "Shingo ya chupa moja ilikuwa inaonekana. Nikaandika, hakuna kitu." Nilimuuliza kwa nini. "Huyo mutoto aliangalia mimi," alisema, akaenda kuanza zamu yake.

Jumamosi wazee wa kwao waliuliza, kama desturi ilivyo, ikiwa kijana huyu na mama wa binti wamewahi kuonana. Nikasema hatujawahi. Shangazi mmoja aliingia ndani, ambako mama alikuwa amefungiwa mlango, akarudi na jibu kwamba mama hajui hata sura yangu. Mchumba wangu alinitazama kwa fahari. Baadaye aliniambia kwamba mimi ndiye mwanamume wa kwanza aliyemwona anatii alichoambiwa, na sifa ile niliimeza kimya. Ningeweza kumwambia usiku ule, au mwaka uliofuata. Lakini siri haikuwa yangu peke yangu. Kulikuwa na vitambaa vya meza na kanisa, vyote vikifunika chungu cha mama yake, na mtu akishangilia uaminifu wako ni vigumu sana kumkatiza.

Kwa miaka yote iliyofuata nilimwona mama mkwe mgongo tu, ukiingia kwenye kahawa. Kila tulipokwenda alituma wajukuu: bibi anauliza, samaki huyu amebanikwa mara ngapi? Nami nikimjibu kupitia kwa watoto, jibu lilirudi na swali jingine, mpaka mke wangu akashangaa watu wawili wasiojuana wana nini cha kusemezana siku nzima juu ya samaki. Nilikuwa na hamu na mtu aliyekuwa hatua thelathini kutoka kwangu. Sijui jambo hilo linaitwaje.

Alipofariki tulimzika, tukarudi Jinja, kwetu Nalufenya. Siku ya pili mke wangu alikuwa akikunja nguo za mama yake mezani. Alisema kinachomuuma ni kwamba sikuwahi kukaa na mama yake hata saa moja, kwa sababu tungependana.

Nikamwambia yote, kuanzia saluti hadi mkeka. Nilipomaliza nilingoja anikaripie kwa ajili ya Nabuyonga.

"Alisema yeye ndiye alinifundisha?"

"Ndiyo."

"Na alikutuma usinipe kitu cha kuficha."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaenda ukaficha neno hilo hilo. Kwangu. Miaka yote hii."

Aliliweka gauni alilokuwa analikunja, akaketi, akalia, nami nikalia, watu wazima wawili kati ya marundo ya nguo. Baadaye akajifuta uso kwa kiganja. Aliniomba nimwambie tena lile neno, lakini safari hii nisilinyooshe, niliseme kwa Kiswahili cha mama yake, vile vile alivyolisema. Nikalisema. Akaniambia nirudie.